Kingereza cha kukata: wapi inafaa, wapi haifai



Sisi wa kalasi ya tatu tunataka kusema kidogo juu ya Kingereza, sababu kimeanza kututenganisha. Wenzetu wengi walikimbia vita mwaka 2022, wakapita Bunagana mpaka Kisoro, na wengine wakasoma katika makambi ya Uganda. Waliporudi, walirudi na Kingereza cha mdomo. Wanasema "Morning", wanasema "See you". Sisi tuliobaki tuko na kile cha kitabu, kila sentensi na kichwa chake na mkia wake. Sasa wao wanakatwa pointi kwenye kopi, na sisi tunachekwa tukifungua kinywa. Tunaona pande zote mbili zinaonewa.

Wengine wanasema kukata maneno ni uvivu. Hapana. Na sisi hapa Rutshuru tunakata kila siku. "Jambo" tunayosalimia nayo ni kipande cha "hujambo". Tukimwambia mama anayetoka shamba "Pole", nani anauliza pole ya nini? Waingereza ni vilevile. "Thank you" yenyewe imekwisha kupoteza "I" yake, na mwalimu mkali kuliko wote anaisema bila kuona haya. "Goodbye" zamani ilikuwa "God be with you", karibu na "adieu" ya Wafaransa. Leo imebaki "bye" tu, na Mungu haonekani tena ndani.

Lakini haikatwi popote. Namna tunavyoona, Kingereza kinapenda kukata kichwa cha sentensi, pale ambapo kila mtu anajua kilichokuwapo. "It is nice to meet you" inakuwa "Nice to meet you". "Are you ready?" inakuwa "Ready?" Katikati, angalia sana: "I think is good" ni kosa, hata kama Kiswahili kinaruhusu "nafikiri ni nzuri". Kitenzi chetu kinabeba mwenyewe wake, "ninakuja", "anakuja". Chao hakibebi.

Hapo ndipo wengi wanaanguka. Wenzetu wa Uganda wanapenda kusema "Am coming". Mwingereza akiitwa anajibu "I'm coming", ao anakata yote mawili: "Coming!" Kubakisha "am" peke yake katika kopi ni kujitafutia alama nyekundu. Tena, ukiulizwa "Are you ready?" unaweza kujibu "Yes" ao "Yes, I am", lakini hauwezi kuishia "Yes, I'm". Ile ya kufupisha haikai mwishoni. Na "Thank" bila "you" haiko. Anayetaka fupi aseme "Thanks", na ile s isisahauliwe.

Kuna pia heshima, na hii vitabu vinaipita mbio. "Morning" kwa rafiki ni sawa. Kwa mzee ao mkubwa wa masomo, "Good morning, sir" yote nzima. Hata kwetu hakuna mtoto anayemrushia babu neno nusu akitembea.

Kwa hiyo hatukubali wanaosema fupi yote ni kosa, wala wanaosema gramere haina kazi tena kwa kuwa Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwenye mpaka, mchuuzi hatakungoja umalize "I would like to know the price". "How much?" inatosha. Lakini barua ya kuomba kazi, ao mtihani wa Serikali, haviandikwi hivyo.

Tunaomba walimu wetu wa Kingereza waandike juu ya kila zoezi: hii ni ya mdomo, hii ni ya barua. Mtu akatwe pointi kisha kuambiwa, si mbele. Na wanaomcheka mwenzao aliyetoka kambini, waache. Tumekwisha kupatana nao: wao watatufundisha kuongea, sisi gramere, Alhamisi kiisha masomo, katika kalasi yetu. Anayetaka aje na daftari.