NAIROBI, MJI WETU MKUU, UTAZAMWAPO KUTOKA DANDORA

Katika safu hii tumekwisha kuzungumza habari za Mombasa na za Lamu, na wasomaji kadhaa wa mashambani wameuliza ni kwa nini hatujasema neno juu ya Nairobi, ambako ndiko serikali iliko, na ambako kila nyumba ya mashambani ina kijana wake. Jibu ni kwamba mtu akaaye karibu na jambo hudhani kuwa halihitaji kuelezwa. Basi leo na tuutazame mji huo, lakini si kutoka madirishani mwa majumba marefu ya katikati, ambayo kila mtu ameyaona katika picha. Tuutazame kutoka Dandora, upande wa mashariki, yapata kilomita kumi kutoka Jumba la Jiji, mahali ambapo makarani wengi, mafundi, wachuuzi na wapagazi hurudi jioni kulala.

Nairobi si mji wa kale kama Kilwa au Pate. Jina lenyewe ni la Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na kabla ya reli palikuwa mahali pa kunyweshea mifugo, pasipo mji wala soko la kudumu. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika hapo mwishoni mwa Mei 1899, baada ya maili zipatazo 327. Wahandisi walipatazama wakapapenda kwa sababu moja tu: palikuwa uwanda wa mwisho wenye maji kabla ya kupanda milima na kuteremka Bonde la Ufa. Walihitaji mahali pa kupumzisha injini, kuweka mataruma na vyuma, na kuwapigia vibarua mahema. Hakuna aliyeuliza kama panafaa kwa watoto kukua. Mwaka huo huo Bwana John Ainsworth aliihamisha ofisi ya jimbo kutoka Machakos ili iwe karibu na reli, na mwaka 1905 makao makuu ya serikali yakahamishwa kutoka Mombasa. Hivyo kambi ya reli ikageuka mji mkuu katika muda wa miaka sita.

Waganga hawakuridhika hata kidogo. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika madukani ya Wahindi, na dawa iliyotumiwa ilikuwa kiberiti: maduka yote yakachomwa moto. Waganga wakashauri mji uhamishwe upelekwe juu mlimani ambako maji hayatuami. Lakini karakana ya reli ilikwisha jengwa, viwanja vilikwisha uzwa, na wenye fedha hawakutaka kung'oa walichopanda. Mji ukabaki kinamasini. Msomaji ambaye amepata kuvuka mitaa ya mashariki wakati wa masika, viatu mkononi, atajua kuwa shauri lile la waganga halikuwa la kipuuzi.

Hapa inafaa tueleze jambo moja la ardhi, kwa maana bila kulijua mtu hawezi kuufahamu mji huu. Nairobi umelala mtelemkoni. Upande wa magharibi ni vilima vya udongo mwekundu, miti mingi na mvua nyingi. Upande wa mashariki ni uwanda wa udongo mweusi, ule ambao kiangazi hupasuka na masika hushika gurudumu la gari. Mito yote hutoka magharibi ikaenda mashariki. Yule mkulima wa Kirinyaga au wa Kisii akisoma haya ataelewa mara moja nani alichagua wapi. Wazungu walikwea vilimani. Wahindi wakapata Ngara, Parklands na sehemu za katikati. Na Mwafrika akaonyeshwa mashariki, penye udongo mweusi, chini ya kijito ambacho wengine wote walikuwa wamekwisha kukitumia. Mwaka 1913 Profesa Simpson aliletwa kutoka Uingereza kutazama afya ya mji, naye akaandika kwamba ni bora kila taifa likae mbali na mwenziwe. Neno lililosemwa kwa jina la afya likawa ramani, na ramani hiyo haijafutika mpaka leo ingawa sheria zake zilikufa zamani.

Mwafrika wa siku zile hakuhesabiwa kuwa mwenyeji wa mji. Alihesabiwa kuwa mfanyakazi aliyekuja kwa kandarasi, mwenye kipande chake shingoni, ambaye kazi ikiisha atarudi kwao. Ndiyo sababu nyumba alizojengewa zilikuwa za kitanda na sanduku, wala si za mke na watoto. Hata hivyo watu walikuja, wakaoa, wakazaa. Pangani ulikuwa mji wao wa kwanza mkubwa, nao ukabomolewa mwaka 1939. Kariokor ulipata jina lake kwa wale wachukuzi wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao wengi wao hawakurudi kudai mshahara. Baada ya Vita vya Pili vikajengwa vijumba vya mawe vya Kaloleni, vyenye nafasi na nyasi mbele, na mpaka leo wazee hukubali kwamba mitaa michache tu imepata kujengwa kwa heshima kama hiyo.

Pumwani ni habari ya peke yake, nami nauomba uvumilivu wa msomaji nikae hapo kidogo. Mapema katika miaka ya 1920 manispaa ilipima viwanja huko, ikatia mabomba ya maji ya watu wote na vyoo vya pamoja, kisha ikamwambia mwenye kiwanja: jenga mwenyewe. Watu wakajenga kwa miti na udongo, ndio mtaa uitwao Majengo. Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani, na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, walioweka akiba shilingi kwa shilingi wakapangisha vyumba. Watu wa serikali waliuona mtaa huo kuwa fujo. Kwa macho yangu, hapo ndipo Mwafrika alipojenga Nairobi kwa mkono wake mara ya kwanza.

Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ulipewa hadhi ya jiji kwa hati ya Mfalme, iliyoletwa na mtoto wa mfalme, Duke of Gloucester. Palikuwa na gwaride na bendera. Hazikupita wiki nne, tarehe 23 Aprili, mkutano mkubwa wa Waafrika na Wahindi ulifanyika Kaloleni, na Bwana Makhan Singh akasimama kutoa hoja ya kudai uhuru kamili. Mwezi uliofuata akakamatwa. Miaka minne baadaye, tarehe 24 Aprili 1954, askari waliuzunguka mji mzima katika ile iliyoitwa Operation Anvil, wakaikagua mitaa ya mashariki nyumba kwa nyumba, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Mitaa ya Mbotela na Ofafa ina majina ya madiwani wawili, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa katika siku za Hali ya Hatari. Vijana wanaoyataja majina hayo kwa kondakta wa matatu kila siku hawajui kuwa ni majina ya watu.

Uhuru ulipofika, tarehe 12 Desemba 1963, vizuizi vya kuingia mjini vilikwisha, nao watu wakamiminika. Tazameni hesabu. Mwaka 1948 Nairobi ulikuwa na watu wapatao 119,000. Mwaka 1969 walizidi 509,000. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Hakuna baraza lolote duniani ambalo lingeweza kuwajengea wote hao nyumba za mawe kwa fedha za kodi, na katika miaka ya kwanza ya uhuru Baraza la Jiji lilifanya kazi ya kubomoa vibanda asubuhi na kuviona vimesimama tena jioni.

Ndipo tunapofika Dandora. Mwaka 1975 Serikali ya Kenya, Baraza la Jiji na Benki ya Dunia walipatana kufanya jambo ambalo, ukilichungua vizuri, ni lile lile la Pumwani lililovikwa koti jipya. Badala ya kujenga nyumba, vilipimwa viwanja 6,000. Kila kiwanja kikatiwa maji, mfereji wa maji machafu, na choo na bafu zilizojengwa tayari. Barabara na shule zikapangwa. Watu wenye mapato madogo wakaandika maombi, kura ikapigwa, na aliyebahatika akapewa kiwanja pamoja na mkopo wa kununulia vifaa. Chumba cha kwanza na cha pili akajijengea mwenyewe. Viwanja vidogo vilikuwa mita 100 za mraba, yaani hatua kumi kwa kumi. Mkulima atacheka: katika ekari moja vingetoka viwanja arobaini. Lakini kwa mtu aliyekuwa amepanga kona ya chumba kwa miaka kumi, hatua hizo kumi zilikuwa nchi nzima.

Watu walifanyaje? Wengine waliunda vikundi, wakachanga kila mwezi, wakajenga kwa mwenzao huyu kisha kwa yule. Wengine walijenga vyumba upesi wakavipangisha, na kwa kodi ile wakalipa deni. Kuna waliovipangisha vyote, wao wenyewe wakabaki kukaa katika vibanda walikotoka, jambo lililowashangaza wataalamu wa Benki lakini halimshangazi mtu yeyote aliyepata kusomesha watoto wanne. Nyumba ziliwekwa kuzunguka viwanja vya pamoja ili watoto wapate pa kuchezea. Mtaa ukakua kwa sehemu tano, ambazo wenyeji huziita Fezi. Leo vingi vya viwanja hivyo vimepandishwa ghorofa, na choo kile kilichojengwa kwa jamaa moja huweza kutumiwa na jamaa nane. Katika miaka ya hivi karibuni vijana wa Dandora Transformation League wamevisafisha baadhi ya viwanja vya pamoja, wakapanda miti na kutia malango, na ni haki kuwasifu. Ni haki pia kuwakumbuka Kalamashaka, waliotoka hapa hapa katika miaka ya 1990 wakaimba kwa Kiswahili cha mtaa wakati vijana wengi walidhani muziki wa namna ile hauimbiki ila kwa Kiingereza.

Lakini mkono ule ule uliopima viwanja ulifanya na jambo la pili. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 Jiji lilianza kumwaga taka zake katika machimbo ya mawe kando ya Mto Nairobi, pale pale Dandora. Jaa hilo limeenea zaidi ya ekari 30. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Malori hayakusimama. Taka za mahoteli, za hospitali, za viwanda na za masoko huletwa hapo, huungua usiku na mchana, na watu huishi kwa kuokota humo plastiki na vyuma wakishindana na korongo.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lina makao yake makuu hapa hapa Nairobi, huko Gigiri, upande wa vilima. Mwaka 2007 lilitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 wakaao karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa kiasi kilichofikia au kupita kile kilichohesabiwa siku hizo kuwa cha hatari. Sisemi risasi ya bunduki, bali madini yale ya betri na rangi, ambayo hudhoofisha akili ya mtoto taratibu bila homa wala kidonda, na mwalimu akadhani ni uvivu. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa liondolewe katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikapita, na mingine, na malori yakaendelea kuja.

Basi mzazi aliye shambani akiandikiwa na mwanawe kwamba amepata chumba Dandora, asihuzunike kana kwamba amepotea. Ni mtaa wa watu wa kazi, wenye shule, makanisa, misikiti na majirani wanaojuana. Amwulize tu chumba kiko Fezi ipi, na upepo wa jioni huvuma kutoka upande gani. Naye anayefikiri kununua kiwanja aitake hati yenyewe, wala si karatasi ya ugawaji iliyopita mikono mitano, kwa maana kesi za namna hiyo ni nyingi mno ofisini.

Na msomaji wa Malindi asione kwamba habari hii haimhusu. Mto Nairobi ukitoka Dandora huingia Mto Athi, nao Athi hupita Ukambani ambako watu humwagilia mboga, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwagika baharini karibu na mji wake.