Usitie Sahihi kwa Heshima

Desemba inakaribia, na nusu ya jumuiya yetu imeshakata tiketi. Wapo wa Dar es Salaam na Mombasa, wapo wa Bujumbura na Bukavu. Kila mmoja ana mzazi wa kumjulia hali au harusi ya mdogo wake. Safari njema kwenu nyote. Leo tunataka kuzungumzia kurudi, na hasa karatasi moja ambayo mzee wetu mwenye grinikadi anaweza kuwekewa mezani akitua hapa Marekani: fomu I-407.

Chukua mfano wa bibi aliyeletwa na mwanawe. Alikwenda Tanga kwa miezi miwili, goti likamsumbua, daktari akamwambia asisafiri, mwezi ukazaa mwezi, akarudi baada ya miezi kumi. Uwanjani anatolewa kwenye foleni na kupelekwa chumba cha pembeni. Simu imezimwa, mwanawe yuko nje anamsubiri na kigari cha mizigo. Afisa, pengine kwa upole kabisa, anamwambia kuwa amekaa nje mno, na kwamba mambo yatakuwa mepesi akisaini hapa, kisha siku nyingine aombe viza ya matembezi. Karatasi ni ya Kiingereza. Bibi amelelewa kutobishana na mtu wa ofisi, na tangu jana hajalala. Anachukua kalamu.

Alichokitoa ni zaidi ya kadi. Anayesaini I-407 anatamka kwamba anauacha ukazi wake kwa hiari, na pia kwamba anaiacha haki ya kusikilizwa na jaji wa uhamiaji. Na haki hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa kinga yake.

Kisheria, kukaa nje muda mrefu hakuifuti grinikadi peke yake. Kinachopimwa ni nia: je, mtu alitoka kwa muda, au alihama? Kukiwa na ubishi juu ya hilo, mwenye kuamua ni jaji, si afisa wa uwanjani, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa serikali. Asiyesaini hupewa hati ya kuitwa mahakamani. Mpaka uamuzi wa mwisho utolewe, yeye bado ni mkazi halali, na hata kadi ikichukuliwa anastahili kupewa uthibitisho mwingine wa ukazi wake. Tusifichane: kukataa kuna gharama. Anaweza kukalishwa pale kwa saa nyingi, hata kuwekwa kizuizini, na katika mahakama ya uhamiaji serikali haimlipii mtu wakili. Lakini goti la bibi, cheti cha daktari na chumba chake kwa mwanawe ni hoja ambazo jaji anaweza kuzipima. Akishasaini, hoja hizo hazina pa kusemewa kwa urahisi.

Mwaka 1938, katika kesi ya Johnson dhidi ya Zerbst, iliyomhusu mwanajeshi aliyefungwa kwa noti bandia bila kuwa na wakili, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba kuacha haki ni kuiachia kwa makusudi haki unayoijua. Ilikuwa kesi ya jinai, lakini kipimo chake kinatufaa sote: usichokijua huwezi kusemwa umekiacha. Tabu ni kwamba sahihi ikishakaa, wewe ndiye unayehangaika kueleza kwamba hukujua.

Vijana nao wasidhani haya ni ya wazee. Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, aliishi Marekani kihalali kwa zaidi ya miaka 40 na kulitumikia jeshi lake wakati wa vita vya Vietnam. Aliposhtakiwa Kentucky kwa kusafirisha bangi, wakili wake alimwambia asihofu habari za uhamiaji, amekaa nchini siku nyingi. Akakiri kosa. Anayekiri huacha haki ya kesi yake kuamuliwa na baraza la wananchi, ya kuwahoji mashahidi na ya kutojitia hatiani mwenyewe. Kwa Padilla, kukiri huko kulifungua pia mlango wa kufukuzwa nchini. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilisema wakili ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari hiyo. Kijana anayekiri kosa dogo ili yaishe arudi kazini, aulize kwanza.

Hatusemi haki haiachwi kamwe. Mzee aliyeamua kustaafu kwao Moshi ana sababu nzuri ya kujaza I-407, kwani maadamu ana grinikadi anatakiwa kuitangazia Marekani mapato yake ya dunia nzima katika hesabu za kodi. Yeye anaijaza nyumbani, ameshauliza, ameshashauriana na wanawe. Karatasi ni ileile ya bibi.

Heshima tuliyofunzwa haivunjwi na kukataa. Mtu anaweza kuinamisha kichwa na kusema: “Samahani, sitasaini. Naomba mkalimani wa Kiswahili, na naomba kwenda mbele ya jaji.” Wana na wajukuu, waandikieni wazee maneno hayo kwa Kiingereza kwenye kikaratasi, wakiweke ndani ya pasi pamoja na namba ya wakili. Wabebe nakala za kodi, za benki na za daktari. Anayejua atakaa sana aombe kibali cha kurejea kwa fomu I-131 kabla hajaondoka, kwa sababu ombi hilo hufanywa mtu akiwa bado hapa. Kwa kawaida kibali hudumu hadi miaka miwili. Na mwenye kesi yoyote ya nyuma, hata ile iliyokwisha kwa faini, aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kupanda ndege, asingoje kutua.