Mechi 16, bao sufuri: Kijana si mkeka

Tukikupa takwimu za straika bila kukutajia jina lake, utamsajili? Mechi 16 za ligi. Mabao: sufuri, hata la dawa hakuna. Ligi yenyewe ni ya daraja la pili, na timu yake ikamaliza msimu kwa kushushwa ngazi. Tunajua jibu lako. Ungesema huyo arudi shule, boli haimtaki.

Straika huyo ni Erling Haaland. Msimu ni wa 2016, na klabu ni Bryne, timu ya mji mdogo wa wakulima kusini-magharibi mwa Norway.

Huenda ligi hiyo unaijua, ila kwa njia nyingine. Juni na Julai, EPL ikiwa mapumzikoni, Norway huwa katikati ya msimu kwa sababu baridi yao hairuhusu boli ya Januari. Ndipo majina kama Bryne, Raufoss na Kongsvinger yanaanza kuonekana kwenye mikeka ya vijana wa Nairobi na Mombasa. Timu hujui rangi ya jezi yake, lakini unajua imekuchania mkeka dakika ya 90. Basi hebu tuitazame ligi hiyo kwa jicho lingine, lisilo la odds.

Juu kabisa kuna Eliteserien. Chini yake kuna ligi ambayo Wanorwe wenyewe huiita Divisheni ya Kwanza, ingawa ni daraja la pili. Ina timu 16 na kila moja hucheza mechi 30. Mwaka 2016, kocha mkuu wa Bryne alipoondoka, timu ilikabidhiwa kwa muda Alf Ingve Berntsen, aliyekuwa akiwanoa chipukizi wa klabu hiyo. Mei 12, dhidi ya Ranheim, akamwingiza uwanjani mtoto wa miaka 15 aliyemjua tangu utotoni. Haaland alikuwa amebakisha miezi miwili atimize miaka 16.

Mwanzoni alichezeshwa pembeni, baadaye akasogezwa katikati. Hakufunga. Bryne nayo ikazidi kuzama. Unajua timu ikizama huwa nini: mashabiki wanazomea, viongozi wanatafuta wa kulaumiwa, na kijana ndiye wa kwanza kurudishwa benchi. Lakini kufikia mwisho wa msimu huyu alikuwa amecheza mechi 16. Mapema 2017 akahamia Molde. Mwaka 2019 alifunga mabao tisa katika mechi moja ya Kombe la Dunia la U-20 dhidi ya Honduras. Msimu wa 2022/23 akaifungia Manchester City mabao 36, rekodi ya EPL.

Hapo ndipo wengi watakuambia: unaona, subira huvuta heri, komaa tu. Sisi tunasema hadithi hiyo ni nusu. Kwanza, tusidanganyane. Haaland ana baba aliyechezea Bryne na baadaye klabu za Uingereza. Hakuanzia sufuri. Pili, subira ya kijana peke yake haifiki popote kama hakuna mtu mzima mwenye subira naye. Haaland hakujipanga kikosini. Kuna watu waliotazama mechi ya tano bila bao, ya kumi bila bao, na bado wakamwambia avae jezi.

Na subira hiyo haikuwa huruma ya kocha mmoja tu. Norway ina kanuni za kitaifa za michezo ya watoto tangu 1987. Watoto hucheza na kushindana, lakini matokeo na msimamo wa ligi havichapishwi hadi mwaka wanaofikisha miaka 11. Ubingwa wa kitaifa unasubiri hadi 13. Yaani mtoto wa miaka minane akipigwa 9-0 Jumamosi, hakuna jedwali la kumkumbusha Jumatatu kwamba yeye ni wa mwisho. Anarudi tu kucheza.

Hata klabu zao zinaruhusiwa kuanguka. Bryne ilishuka hadi daraja la tatu, ikakaa huko misimu mitano. Ilirejea Eliteserien 2025, na mchezaji bora wa mechi nyumbani akawa anazawadiwa mazao ya wakulima wa pale, mara trei za mayai, mara maziwa. KFUM ya Oslo, iliyoshuka pamoja nao 2016, iliingia Eliteserien kwa mara ya kwanza 2024. Mwaka huohuo wa 2016, Bodø/Glimt ilishushwa kutoka ligi kuu. Miaka minne baadaye ilikuwa bingwa wa Norway, na 2021 ikaichapa Roma ya José Mourinho 6-1.

Sasa usitoke hapa ukidhani kila anayekosa mabao ni Haaland aliyejificha. Wengi waliocheza msimu ule hutawahi kusikia majina yao. Hiyo si hasara. Walipata boli, marafiki na nidhamu, na kuwajaribu hakukumgharimu yeyote.

Norway si mbali nasi kama unavyodhani. Arnold Origi, kipa wa zamani wa Harambee Stars, alidakia Moss na Lillestrøm huko. Vijana wa MYSA kutoka Mathare wamesafiri mara nyingi hadi Oslo kucheza Norway Cup, na wamerudi na vikombe. Kwa hivyo shida si miguu yetu.

Shida ni kwamba tumezoea kumtazama kijana kama mkeka: leo alipe, la sivyo achanwe. Nenda uwanja wowote wa mtaa Jumapili. Mtoto wa miaka 14 akikosa bao la wazi, sauti ya kwanza utakayosikia ni "toa huyo!" Akifika 17 bila kuonekana, anaambiwa amezeeka, kwa hivyo anapunguza umri kwenye karatasi ili aonekane chipukizi. Sisi tuliomharakisha ndio tunaomwita mwongo. Na si kwenye boli tu. Msanii akitoa ngoma moja isivume, ameisha. Aliyefeli KCSE, ameisha. Biashara ya miezi mitatu ikifungwa, mwenyewe anachekwa hadi ahame mtaa.

Kwa makocha wa mitaani, ombi letu ni dogo. Hesabuni dakika, si mabao pekee. Kila mechi ya ligi yenu, mmoja aliye chini ya miaka 17 aanze, na aanze tena wiki ijayo hata akiboronga. Kwa wanaoandaa mashindano ya watoto wadogo: vikombe na pesa vinaweza kungoja. Mtoto wa miaka tisa anataka mpira na nafasi, hahitaji jedwali.

Na wewe unayesoma haya, kama uko kwenye msimu wako wa bao sufuri, usijiongopee kwamba umaarufu uko njiani. Huenda usije. Jiulize swali lenye faida zaidi: bado kuna mtu anayenipa dakika? Kama yupo, zitumie zote. Kama hayupo, mtafute, au badilisha timu. Na kama wewe ndiwe unayepanga kikosi, nyumbani, kazini au uwanjani, angalia benchi lako vizuri kabla ya kupiga kelele.