Mifereji izibuliwe kiangazi, si baada ya msiba

Mvua za mashariki mwa Kongo hurudi kila Septemba, na kila zinaporudi barabara hukatika karibu palepale. Jambo linalojirudia hivyo haliwezi kuendelea kuitwa ajali.

Mifano ni mingi. Mwezi Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, mji unaopitiwa na barabara ya taifa namba 5. Makumi ya watu walifariki na maelfu ya nyumba zikaharibika. Mei 2023, mito inayoshuka kutoka milima ya Kalehe ilifunika Bushushu na Nyamukubi kwa mawe na matope. Watu zaidi ya 400 walipoteza maisha, na barabara ya Bukavu–Goma ikakatika. Hata Kinshasa haikusalimika: Desemba 2022, ardhi iliporomoka Mont-Ngafula na kukata barabara ya taifa namba 1, inayoleta mizigo kutoka bandari ya Matadi.

Kweli, ziko hatari zisizozuilika. Lava ya Nyiragongo ilipokata barabara ya Goma–Rutshuru Mei 2021, hakuna fundi ambaye angeisimamisha. Lakini njia ya maji inajulikana. Mlima ukiisha miti, maji hushuka kwa kasi pamoja na mchanga. Yakikuta kalavati dogo, au lililozibwa na mawe na chupa za plastiki, hupita juu ya barabara na kuondoka nayo.

Anayelipa ni raia. Samaki wa mama mchuuzi huoza njiani, mgonjwa huvushwa mabegani mwa watu, na bei ya unga hupanda sokoni.

Fedha za kuzuia hasara hiyo zimewekwa kisheria. FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara ulioundwa mwaka 2008, hupata mapato kutoka kwenye mafuta ya magari na ushuru wa peaji. Dereva anayelipa ushuru huo ana haki ya kujua ni kalavati lipi limezibuliwa na daraja lipi limeimarishwa kwa pesa zake.

Kwa hiyo, kila Juni, Ofisi ya Barabara na serikali za majimbo zitangaze orodha ya sehemu hatari, kazi itakayofanyika na gharama yake. Vijana wa vijiji vya kando ya barabara wapewe kazi ya kuzibua mifereji na walipwe kwa wakati. Kingo za mito zijengewe kuta za mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya, na miteremko ipandwe miti. Wanaoishi kwenye mikondo ya maji wahamishwe baada ya kuonyeshwa mahali pengine pa kujenga, si kabla.

Vita vimeifanya kazi hii kuwa ngumu zaidi mashariki, lakini mvua haisubiri amani. Pale ambapo mafundi wanaweza kufika, hakuna sababu ya kungoja Septemba.