Soma Ujumbe Wote, Si Namba Tu



Kikao cha kikundi chetu cha kanisani kilipokwisha Jumamosi moja, mama mmoja alibaki kitini. Tunajua ana presha, tukatoa mashine tukampima. Ilikuwa imepanda kweli, lakini chanzo kilikuwa kwenye simu yake.

Asubuhi hiyo alipigiwa na kijana mwenye sauti ya upole. Alimwita kwa jina, akamtajia namba nne za mwisho za kadi yake ya benki, akasema kuna mwizi anajaribu kuitumia. “Mama, utaletewa namba sita kwenye simu. Nisomee upesi nizuie.” Mama akasoma. Fedha alizomwekea binti yake za ada ya chuo zikaondoka.

Tuliufungua ujumbe ule pamoja naye. Ulitaja kiasi cha fedha na jina la duka la nchi nyingine, na mwishoni ulisema namba hiyo asipewe mtu yeyote. Yeye aliona namba tu, maana ndiyo aliyoulizwa. Tafadhali msimcheke, hata sisi tumewahi kuinakili namba kama hiyo bila kutazama kiasi.

Namba hizo ni za nini? Ukinunua kwa intaneti, muuzaji haoni kadi yako wala uso wako. Anapata namba za kadi, tarehe ya mwisho na zile namba tatu za nyuma, na hizo mtu yeyote aliyeshika kadi yako dakika moja aweza kuzinakili. Kwa hiyo mwaka 2001 Visa walianzisha utaratibu wa kumwuliza kwanza mwenye kadi, na baadaye Mastercard nao wakawa na wao. Kitaalamu huitwa 3-D Secure, kwa kuwa una pande tatu: benki iliyokupa kadi, benki ya muuzaji, na mtandao unaoziunganisha. Benki yako ndiyo inayouliza kama ni wewe. Ukiandika namba sita, umetia sahihi.

Mwanzoni watu walitumia neno la siri, tena wengi waliombwa kulitunga katikati ya manunuzi. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Steven Murdoch na Ross Anderson, waliukosoa vikali utaratibu huo, kwani ukurasa wa benki ulitokea ndani ya ukurasa wa duka na mnunuzi hakuweza kujua kama ni wa benki kweli. Toleo jipya lilitolewa mwaka 2016. Hilo huipelekea benki habari za simu au kompyuta unayotumia, na benki ikiridhika hupitisha malipo bila kukuuliza lolote. Ikitilia shaka ndipo inauliza. Kumbe namba ya namna hii ikija, kuna malipo yanayongoja ruhusa yako. Haiji kuzuia malipo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatulijui. Malipo yakithibitishwa hivyo, kwa kawaida hasara ya wizi haimwangukii tena muuzaji, bali benki iliyotoa kadi. Na benki ikiona namba iliandikwa sawasawa, humgeukia mteja: ulimpa nani?

Wodini, kabla ya kumtundikia mgonjwa damu, wauguzi wawili husoma pamoja jina, kundi la damu na namba ya mfuko. Mmoja akiwa na haraka, mwenzake humzuia. Nyumbani, huyo wa pili aweza kuwa mume wako, au hata binti wa kidato cha tatu. Mwite asome ujumbe kwa sauti.

Na ukipigiwa simu ya namna ile, ikate, hata kama anakuita mama. Geuza kadi, piga namba ya benki iliyoandikwa nyuma yake, omba kadi ifungwe. Fedha zikiwa zimeshakwenda, usiufute ujumbe.

Mwenzetu kadi yake ilifungwa Jumamosi ileile. Jumatatu tulimsindikiza benki akajaza fomu, kisha tukaenda naye polisi. Kuhusu fedha, bado anangoja jibu. Tulimpima tena Jumatano. Presha imeshuka kidogo.