Mapunye Si Mba: Majina Tunayoyapoteza na Dawa Tunazouziwa

Mtu akipita soko la Kibuye mjini Kisumu, hususan siku ya Jumapili, hatakosa kuona mahali ambapo mizizi, magome na unga wa majani vimetandazwa juu ya gunia, na kando yake chupa ambazo zamani zilikuwa za soda, sasa zimejaa maji yenye rangi ya chai. Muuzaji akiulizwa dawa ile ni ya nini, atataja tumbo, mgongo na malaria. Na mwisho kabisa, akimwona muulizaji ana uwaraza au amejifunga kitambaa kichwani, ataongeza kwamba ni ya nywele pia. Hii "dawa ya nywele" ndiyo ninayotaka tuizungumzie leo. Naizungumzia si kama tabibu, maana sikusomea utabibu, bali kama mtu ambaye kazi yake ni maneno.

Wako wasomi wetu ambao wakisikia tu neno mitishamba hucheka, na wako wengine ambao wakilisikia hupiga makofi kabla mmea wenyewe haujatajwa. Makundi haya mawili huonekana kuwa mahasimu, lakini kwa maoni yangu yana kosa moja. Hakuna kati yao linalouliza ni mmea gani, wala ni ugonjwa gani. Na maswali haya mawili, kabla hayajawa ya maabara, ni maswali ya lugha.

Kiswahili, ambacho baadhi ya wanafunzi hudai ati ni maskini wa istilahi, kimeyagawa maradhi ya kichwa kwa umakini wa kushangaza. Mba ni magamba yanayopukutika kama unga, ijapokuwa neno hilo hutumika pia kwa maradhi fulani ya ngozi ya mwili. Choa ni ule ugonjwa wa ngozi wenye umbo la duara, ambao wengi huku bara huuita mashilingi kwa kuwa unafanana na sarafu. Mapunye ni ndugu yake choa aliyehamia kichwani na kuzivunja nywele. Upara ni kichwa kukosa nywele, na uwaraza ni upara unaoanzia kwenye paji la uso na kurudi nyuma. Kisha tuna kitenzi kunyonyoka, ambacho hakitaji ugonjwa wowote bali tukio: nywele zinatoka, sababu haijajulikana. Maneno haya yote leo yanamezwa na kibandiko kimoja kwenye chupa, na anayenunua hana njia ya kujua amenunua dawa ya lipi.

Je, tofauti hii ina maana gani kwa mgonjwa? Ina maana kubwa, na nitatoa mfano wa mapunye, kwa sababu walimu wanayaona kila siku. Mwalimu wa darasa la kwanza, popote kati ya Usenge na Homa Bay, anayajua kwa macho: viraka vya mviringo, nywele zilizokatika karibu na ngozi, magamba, na mtoto anayejikuna huku wenzake wakimkwepa. Kinachosababisha ni kuvu, au fangasi kama wengi wasemavyo, na kuvu huyo haishi juu ya ngozi tu. Huingia ndani ya unywele wenyewe, hadi kwenye tundu unamochipukia. Ndiyo maana kupaka, kuwe ni kupaka malhamu ya duka la dawa au majani yaliyopondwa, aghalabu hakutoshi. Dawa haifiki alipo adui. Matabibu hutoa dawa ya kumeza, mathalani griseofulvini, kwa muda wa wiki sita hadi nane na pengine zaidi. Choa cha mkononi, kwa upande wake, chaweza kupona kwa kupakwa dawa. Basi bibi aliyepaka majani kwenye choa cha mjukuu wake kikapona hakudanganya aliposema dawa yake inafanya kazi. Na muuzaji anayeyapeleka majani yaleyale kwenye mapunye, kwa hoja kwamba "yote ni mashilingi", amemdanganya mteja kwa kosa la msamiati.

Uwaraza wa kina mama ni habari nyingine kabisa. Nywele zinapotoka pembeni mwa paji la uso na juu ya masikio ya msichana aliyezoea kusukwa kwa kubanwa sana, au kubandikwa nywele nzito za dukani, tatizo si kuvu wala upungufu wa majani ya kupaka. Ni kuvutwa. Ukiacha kuvuta mapema, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, tundu la unywele hufa na kuwa kovu, na hapo hakuna mzizi wa Kibuye wala chupa ya Nairobi itakayolifufua. Tena kuna nywele zinazotoka miezi michache baada ya kujifungua, ambazo kwa kawaida hurudi zenyewe. Dawa yoyote iliyopakwa wakati huo hupata sifa ambayo haikuifanyia kazi.

Tuje sasa kwenye upande wa mimea, ambako kuna utamu wa pekee kwa mwanaisimu. Katika Kijaluo, neno yath lina maana mbili zisizotengana: mti na dawa. Likifuatwa na neno la kulifafanua, sauti yake ya mwisho hubadilika, na ndipo tunapata yadh nyaluo, yaani dawa ya Kijaluo, tofauti na ile ya hospitali. Si Wajaluo peke yao. Wazulu wa Afrika Kusini, walio mbali nao kwa nchi na kwa nasaba ya lugha, nao wana umuthi, ambao ni mti na ni dawa. Sisi Waswahili tumechukua dawa kutoka Kiarabu, lakini tuliposema mitishamba tulirudi palepale.

Lakini yath ni jina la jumla, na jumla ndiyo maficho ya ulaghai. Hebu tuangalie jina mahsusi. Kando ya barabara na vijito, kuanzia nchi ya ziwa hadi nyanda za juu, huota kichaka chenye maua ya manjano yaliyosimama wima kama mishumaa, na vitumba vyeusi kileleni. Majani yake yakifikichwa hutoa harufu nzito. Wataalamu wa mimea hukiita Senna didymobotrya. Wajaluo hukiita owinu, Waluhya luvinu, Wakikuyu mwinu; Wakipsigis husema senetwet na Wamaasai osenetoi. Msomaji ameshaona mambo yalivyopangika. Wakipsigis na Wamaasai wana shina moja. Waluhya na Wakikuyu, ambao ni Wabantu, wana shina jingine, na shina hilo la Kibantu ndilo lililo kinywani mwa Wajaluo, ambao si Wabantu. Yaelekea basi kwamba Wajaluo walipofika ziwani waliukuta mmea ukiwa na jina na wenyeji wake, wakachukua jina; na ni nadra watu kuazima jina la kichaka cha porini bila kuazima pia matumizi yake. (Natahadharisha hapa wanafunzi wanaopenda mambo ya haraka: kufanana kwa senetwet na Senna si hoja. Senna limetoka Kiarabu, kulikotoka pia sanamaki yetu ya kuharisha, na mfanano huo nauona kuwa wa bahati.)

Wakalenjin hutumia mkaa wa mti huo kutayarishia vibuyu vya mursik. Jamii nyingi za magharibi mwa Kenya hupaka majani yake kwenye magonjwa ya ngozi, choa kikiwamo. Lakini mmea huu ukinywewa huharisha vikali na waweza kudhuru. Ukiuzwa kwa jina la owinu, mama wa Seme anaweza kukumbuka aliyoambiwa na mama yake, kwamba huu ni wa kupaka. Ukiuzwa kwa jina la "mitishamba ya nywele, paka au kunywa", kumbukumbu hiyo haina pa kushika.

Jambo hili limewahi kufikiriwa kwingine. Nchini Thailand kuna mmea ulio dada wa owinu, Senna alata, ambao majani yake hupondwa na kupakwa kwenye choa. Wathai huuita chumhet thet, na neno thet maana yake ni "wa kigeni", kwa kuwa asili yake ni Marekani ya kitropiki. Jina lenyewe limekiri kwamba dawa hii ya jadi ni mgeni aliyekaribishwa. Kwa nywele, Wathai hutumia pia makrut, ndimu yenye ngozi ya mabonde mabonde, kuoshea kichwa, na ua la buluu liitwalo anchan, ambalo wazee walikuwa wakiwasugua watoto kwenye nyusi ili ziwe nyeusi. Sisemi kwamba haya yote yamethibitika. Ua halioteshi nyusi kwa kuwa ni zuri. Ninachokionea wivu ni jambo jingine. Katika miaka ya 1830, mfalme Rama wa Tatu aliamuru maarifa ya nchi, tiba zikiwamo, yachongwe kwenye mawe katika hekalu la Wat Pho mjini Bangkok, ili kila ajuaye kusoma asome. Mwaka 1999 nchi hiyo ikatunga sheria ya kulinda maarifa ya tiba za jadi. Ukitaka kubishana na dawa ya Kithai, una maandishi ya kubishana nayo: mmea huu, sehemu hii, ugonjwa huu.

Sisi tuna nini? Hatukosi kila kitu. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa kitabu chake cha mimea ya tiba ya Afrika Mashariki mwaka 1976, na mwaka 1998, pamoja na Timothy Johns, akatoa kamusi ya viumbe ya Kijaluo. Kazi hizo zingekuwa katika kila maktaba ya shule ya Nyanza, lakini ni shule ngapi zina hata maktaba? Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016. Sheria hulinda kinachojulikana. Jina likishasahauliwa, hakimu atalinda nini?

Hatari hiyo si ya kubuni. Tazameni ogaka. Ndiyo shubiri ya Kijaluo, ile ambayo uchungu wake umetupa msemo. Leo kijana wa Kondele akiiona ogaka kwenye ua wa nyanya yake ataiita "aloe vera", kwa kuwa hilo ndilo jina aliloliona kwenye chupa ya shampuu. Lakini mmea uitwao Aloe vera asili yake ni Bara Arabu. Shubiri zinazoota zenyewe Kenya ni za aina nyingine, na ni nyingi. Tena ndani ya jani lolote la shubiri kuna vitu viwili: ute mweupe usio na rangi kali, ambao hupozesha ngozi, na utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, ambao ni mchungu, huharisha, na waweza kuwasha ngozi ya kichwa yenye vidonda. Uvunaji wa shubiri za mwituni ulipigwa marufuku kwa amri ya rais mwaka 1986, na kanuni za kuusimamia zikatolewa mwaka 2007, maana biashara ilikuwa inaelekea kuzimaliza. Anayeliita kila jani "aloe vera" hajui ni lipi linalolindwa, wala ni upande gani wa jani apake.

Mafuta ya nyonyo sitayazungumzia sana. Yanalainisha nywele na kuzipunguzia kukatika. Kwamba yanaziotesha upya kwenye upara, huo ni usemi wa wauzaji. Asijaribu mtu kuzisaga mbegu zake nyumbani, kwani zina sumu kali.

Nimefika kwa walimu. Utafiti uliofanywa Bondo na kuchapishwa mwaka 2001 na 2002 ulionyesha kuwa maarifa haya hayakuwa siri ya waganga. Yalikuwa kwa kina mama na nyanya, na watoto wa shule ya msingi nao waliyajua kwa wingi. Nasikia pingamizi kwamba silabasi imejaa. Ni kweli, imejaa. Lakini mtaala wa sasa umezipa lugha za nyumbani nafasi katika madarasa ya mwanzo, na mara nyingi nafasi hiyo huishia kwenye nyimbo na kuhesabu hadi kumi. Isiyatoshe hayo. Wanafunzi wakubwa nao wapewe kazi ya likizo: kila mmoja alete mmea mmoja, kwenye kadi moja. Jina kwa lugha ya nyumbani, si tafsiri. Aliyelitaja, na alikozaliwa, kwa sababu jina la Uyoma huenda si la Kano. Sehemu inayotumika: jani, gome au mzizi. Ugonjwa, kwa jina lake halisi, na neno "nywele" peke yake lisikubaliwe. Kisha swali ambalo wauzaji hawalipendi: ni lini dawa hii haifai, na ni nani asiyeruhusiwa kuitumia? Nyanya wengi wana jibu la swali hilo kuliko majibu ya yale mengine yote. Mwalimu wa biolojia na mwalimu wa lugha wakae meza moja, kadi zenye majina tofauti ya mmea mmoja ziwekwe pamoja, na zile zenye jina moja kwa mimea miwili zitengwe na kuandikwa onyo.

Na mtoto mwenye mapunye, wakati kadi zinaandikwa, apelekwe zahanati apewe dawa ya kumeza, ndugu zake wakaguliwe vichwa, mashine ya kunyolea isafishwe kabla ya kichwa kinachofuata, na asisimamishwe mbele ya gwaride la asubuhi kana kwamba ametenda kosa.