Kibao cha "Kiyahudi" Hakichinji, na Kibao cha "Halali" Nacho Hakichinji

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu katika imani, kuna kipande cha video kinazunguka kwenye simu zetu, bila shaka wengi mmeshaletewa. Mhubiri mmoja, simtaji kwa kuwa sina ugomvi na mtu, anatangaza kwa sauti ya juu kwamba chakula chochote kilichopita mkononi mwa Myahudi ni haramu, na mwenye kukila hana swala wala funga mpaka atubie. Ningenyamaza. Tukijibu kila video hatutapata muda wa kusomesha watoto wetu juzuu amma. Lakini hii imemjeruhi kijana wa watu, na nyumba moja hapa Ngamiani haina amani kwa ajili yake.

Kijana ni wa hapa hapa, anafanya kazi za usiku mashariki mwa London. Wenzake wa kazini walimchukua alfajiri moja hadi mtaa wa Brick Lane, kwenye duka la begeli. Kwa msioijua, begeli ni mkate wa mviringo wenye tundu katikati, umbo la donati lakini hauna sukari. Donge lake huchemshwa kwenye maji kwanza, ndipo huokwa. Mayahudi wa Ulaya Mashariki waliuleta London. Ndani yake huwekwa nyama ya kifua cha ng'ombe iliyolazwa siku kadhaa kwenye maji ya chumvi na viungo, ikachemshwa mpaka ikalainika, na juu yake haradali. Kijana akapiga picha, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hajamaliza kula, mjomba mtu ameshabandika ile video chini ya picha. Mwingine akaandika: "Karibu nyumbani, Myahudi wetu." Mama mtu hakulala usiku ule.

Akanitumia sauti: "Maalim, nimekula haramu? Na swala zangu je?"

Nataka nijibu mbele yenu wote, kwa sababu aliyetukanwa mbele ya watu hajibiwi chumbani.

Kwanza, neno la yule mhubiri ni batili. Suratul Maida, aya ya 5, Allah Mtukufu ametuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu, na chakula chetu akakihalalisha kwao. Ibn Abbas na wafasiri wengi wamesema makusudio ya chakula hapo ni vichinjwa, maana mchele na tende havihitaji aya. Na Suratul Maida ni katika sura za mwisho kuteremka. Usiniambie imefutwa, imefutwa na nini?

Kisha tazameni alivyoishi Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam. Mwaka wa 7 Hijria, Khaybar, mwanamke wa Kiyahudi alimletea mbuzi wa kuchoma aliyetiwa sumu. Kisa kimo katika Bukhari na Muslim. Alikula kidogo kabla ya kufunuliwa jambo. Wapo wapokezi waliosema Sahaba aliyekula pamoja naye, Bishr bin Baraa, alikufa kwa sumu ile. Sasa niambieni: kama kuna siku ambayo chakula cha Mayahudi kingestahili kupigwa marufuku, si siku hiyo? Mbona hakupiga marufuku? Khaybar hiyo hiyo, Abdallah bin Mughaffal aliokota mfuko wa mafuta ya mnyama wa Mayahudi, akaukumbatia kwa njaa, akageuka akamwona Mtume nyuma yake, akaona haya. Hakunyang'anywa. Na Mama Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, anasimulia kwamba Mtume alifariki hali deraya yake imewekwa rehani kwa Myahudi kwa pishi 30 za shayiri. Shayiri ile ililiwa nyumbani kwa nani?

Basi mwenye kusema "mkono wa Myahudi" ni haramu, ajue anayemsahihisha ni nani.

Lakini ngojeni. Upande wa pili nao wana video yao. Hawa ni vijana wetu wajanja, wanaosema: cha Kiyahudi chote ni halali, ingia mgahawa wowote wenye jina la Kiyahudi, sema Bismillah, kula. Hawa nao wamekosea, na kosa lao linaingia tumboni.

Mayahudi wana sheria yao ya chakula. Kinachokubalika wao hukiita kosheri. Mchinjaji wao ni mtu aliyesomea na kupewa idhini. Kisu chake hakina ncha, na hukipapasa kwa ukucha kabla na baada ya kuchinja kuangalia kama kina pengo hata la unywele. Akikuta pengo baada ya kuchinja, mnyama yule kwao hafai. Hukata koromeo na umio kwa mkupuo. Hawakubali mnyama apigwe shoti ya umeme kwanza. Mapafu hukaguliwa, nyama huloekwa na kutiwa chumvi ili damu itoke. Husoma dua yao mwanzo wa kazi, na dua moja inaweza kubeba wanyama wengi. Hapo wapo wanazuoni waliosita, lakini kwetu sisi wa Pwani tunaomfuata Imam Shafii, kutaja jina la Allah wakati wa kuchinja ni sunna, hakuharibu kichinjwa kwa kukosekana. Nguruwe kwao ni haramu kama kwetu. Nyama na maziwa hawavichanganyi kabisa.

Hiyo ndiyo kosheri. Sasa, mgahawa "wa mtindo wa Kiyahudi" ni kitu kingine. Ni mapishi, siyo sheria. Katz's Delicatessen ya New York, iliyofunguliwa 1888, ni maarufu dunia nzima kwa nyama ya pastrami, ile ya ng'ombe iliyotiwa chumvi na pilipili manga, ikafukizwa moshi, ikapikwa kwa mvuke. Watalii hupanga foleni. Lakini Katz's si kosheri. Huuza mkate wenye nyama na jibini pamoja, na Myahudi mshika dini hali pale. 2nd Ave Deli, ya mji huo huo, iliyoanzishwa 1954, ina cheti cha kosheri, na bado wapo Mayahudi wasioingia kwa sababu haifungwi Sabato. Mnaona? Wenyewe wanaulizana. Wewe mtoto wa Muheza unaingia na kufumba macho kwa sababu ya nyota mlangoni?

Na kosheri yenyewe haitoshi kwako kwa kila kitu. Mvinyo kwao si haramu. Nyama iliyochinjwa sawasawa inaweza kupikwa ndani ya mvinyo, na hapo kwetu imeharibika.

Hawa wajanja hutoa hadithi ya Mama Aisha: watu walisema, tunaletewa nyama hatujui kama imetajiwa jina la Allah, Mtume akawaamuru wataje jina la Allah wao wenyewe wale. Sahihi, iko katika Bukhari. Lakini someni mpaka mwisho: walioleta nyama ile walikuwa Waislamu wapya, ndio kwanza wametoka katika ukafiri. Shaka ilikuwa juu ya Bismillah. Haikuwa juu ya kama mnyama amechinjwa au amepigwa nyundo. Usichukue hadithi ya mchinjaji Mwislamu ukaisafisha nayo nyama isiyojulikana imetoka wapi.

Turudi Brick Lane. Mtaa ule una msikiti ambao jengo lake lilijengwa 1743 na Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, likaja kuwa sinagogi mwishoni mwa karne ya 19, na tangu 1976 linaswaliwa na Waislamu, wengi wao wenye asili ya Bangladesh. Kuta zile zile. Maduka ya begeli yako mtaa huo huo, na hayana usimamizi wa kosheri. Ni ya Kiyahudi kwa asili na mapishi. Kwa hiyo mkate aliokula kijana ni mkate, halali. Angechagua wa samaki au wa yai, pasingekuwa na mjadala. Nyama ile ndiyo penye neno. Haina aliyeisimamia kwa sheria yetu wala kwa sheria ya Mayahudi. Ni nyama ya soko la jumla la Uingereza, ambako kawaida mnyama hupigwa shoti au risasi ya chuma kichwani kabla ya kukatwa. Wapo wanazuoni walioipa ruhusa kwa kuwa nchi ni ya Wakristo. Mimi siifuati ruhusa hiyo, kwa sababu aya imehalalisha chakula cha watu wa Kitabu, haikuhalalisha mtambo. Kijana alikula kwa kudhani ni kichinjwa cha Kiyahudi. Hakukusudia uovu. Asirudie nyama ile, aombe maghfira kama tuombavyo sote kila siku, na swala zake ni swala. Aliyemwambia hazipo, alete dalili.

Na nimwongezee jambo litakalomshangaza mjomba wake. Uingereza kiasi kikubwa cha nyama inayouzwa na Waislamu kwa jina la halali hutoka kwa wanyama waliopigwa shoti kwanza. Wanazuoni wa huko wanavutana juu yake. Kosheri haiigusi shoti kabisa. Kwa hiyo kuna siku, katika mji ule ule, bucha la Myahudi litakuwa mbali zaidi na shaka kuliko bucha la Mwislamu. Chungu, lakini ndivyo.

Msidhani haya ni ya ng'ambo tu. Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya, Waafrika weusi wanaoshika dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoiingia 1919. Mji huo huo una Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988. Mwanafunzi Mwislamu pale akialikwa kuku kwa jirani Myabayudaya, afanyeje? Imam Nawawi katika Minhaj, na ndicho tunachosoma Pwani, ameiunganisha ruhusa ya kichinjwa na ruhusa ya ndoa, na wakubwa wa madhehebu yetu wametazama nasaba: wazee wake waliingia lini dini ile. Kwa kipimo hicho, walioingia 1919 hawamo. Ibn Taymiyya na wengine wametazama dini ya mtu mwenyewe, siyo babu zake. Suala lina tafsili. Halimalizwi na mtu aliyeshika kipaza sauti dakika mbili.

Sasa niwageukie nyinyi mliokaa hapa Tanga mkimcheka kijana.

Wewe uliyeandika "Myahudi wetu", ulikula wapi jana? Chips kuku. Kuku amechinjwa na nani? Hujui. Umeona kibao ukutani, HALALI, kwa rangi ya kijani, ukakaa. Nimesimama alfajiri kwenye soko moja, silitaji, nikatazama vijana wakichinja kuku wa kisasa. Mamia, mbio mbio, kisu kimoja butu, redio inaimba. Mwingine anatumbukizwa kwenye maji ya moto ili anyonyolewe na mabawa bado yanapiga. Kuku aliyekufa kwa maji ya moto kabla roho haijatoka kwa kisu, fiqhi inamwitaje? Na wachinjaji ni Waislamu wenye majina mazuri kuliko langu. Nilipowauliza, mmoja akaniambia: "Sheikh, wateja wanawahi basi Kange." Yule Myahudi anapapasa kisu kwa ukucha, na sisi kisu tunakinoa kwenye sakafu.

Mnayachukulia haya mzaha. Mwaka 2013, Buseresere kule Geita, ugomvi wa nani achinje uliishia kwa kuuawa mchungaji. Maneno juu ya nyama huua watu katika nchi hii. Anayerusha neno "haramu" mtandaoni kama anayerusha ganda la muwa, ajue linatua wapi. Allah ameonya katika Suratun Nahl, aya ya 116, juu ya ndimi zinazosema hiki halali na hiki haramu kwa kumzulia Yeye uongo.

Najua mtaniambia: Maalim, na Gaza? Gaza iko moyoni mwangu, na kunuti tumesoma. Ukitaka kususia bidhaa ya kampuni inayosaidia dhulma, susia, nami niko pamoja nawe. Lakini sema "nimesusia". Usiseme "Allah ameharamisha". Kususia ni uamuzi wako, una mwanzo na mwisho. Uharamu ni wa Allah. Na mwoka mikate wa London si jeshi. Wapo Mayahudi wa mji ule walioandamana barabarani kupinga vita hivyo hivyo, huku baadhi yetu tumekaa barazani.

Kijana wangu, ukialikwa tena kwenye migahawa hiyo, usione haya kuuliza nani anaisimamia jikoni. Wenyewe wamezoea kuulizwa. Ukiona jibini juu ya nyama, hapo si kosheri, achana na nyama, agiza samaki. Ukikuta cheti cha kosheri kinachojulikana, uliza kama kuna mvinyo kwenye mchuzi. Kisha kula, ushukuru, na uwe na adabu kwa waliokualika.

Na wewe mjomba mtu, najua unanisoma. Futa ile video kwenye kundi la ukoo leo, kabla ya Isha, kisha mpigie dada yako simu umwambie mwanawe bado ni Mwislamu.

Wallahu aalam.